Gari Langu Linazima Mbele ya Mama Mkwe

Sehemu ya tisa

Kwa wewe uliyetukuta njiani: mimi ni kinyozi. Nina kiti kimoja, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na nina gari. Nikitaja gari utadhani namtaja mke. Ndiyo maana mke hayupo.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa sebuleni peke yangu, nakula wali wa jana kwenye sufuria. Mke wangu alikuwa kambeba mtoto, kabeba na beseni la kuogeshea mtoto, kaenda kwa mama yake. Kisa? Valvu.

Ndiyo, valvu! Kile kidude kinachong'aa nilichokifunga kwenye turbo kwa mikono yangu mwenyewe, ili kila nikiachia eksileta gari litoe ule mlio wa hewa. Pshiii! Jamani, ule mlio! Mtu mzima nilikuwa nakanyaga na kuachia bila sababu yoyote, nacheka peke yangu ndani ya gari.

Shida ni kwamba tangu siku ile gari likakosa silensa. Yaani likisimama tu, hujakanyaga kitu, badala ya kunguruma taratibu linapanda, linashuka, linapanda, linashuka, halafu puu, limezima. Kwenye taa za barabarani, limezima. Getini kwangu, limezima. Siku mke wangu alipompeleka mtoto kliniki likamzimia mbele ya lori la takataka, na dereva wa lori akasema maneno ambayo mke wangu aliyabeba yote mpaka nyumbani, akaja kunimwagia mimi.

"Chagua," akasema. "Sisi au hiyo pshii yako."

Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikajibu: "Ngoja kwanza nifikirie."

Hapo ndipo alipobeba beseni.

Sasa sikilizeni yaliyonipata baada ya hapo.

Ijumaa nikiwa katikati ya kichwa cha mteja, simu ikaita. Nikaangalia jina, mashine ya kunyolea ikaniponyoka. Mama mkwe.

Mama mkwe wangu si mtu wa kuchezea. Kabla ya kustaafu alikuwa mtahini wa udereva. Alinifelisha mara mbili, kabla hata sijamjua binti yake, na mara ya tatu alinipitisha huku amekunja uso kama mtu anayemwachia mwizi kwa kukosa ushahidi. Na alikuwa na mtindo wake ambao mji mzima uliujua: kikombe. Kabla hujaendesha hata hatua moja, anajaza kikombe maji mpaka juu, anakiweka kwenye boneti, anakuambia washa. Maji yakimwagika, hata kupanda hapandi.

"Anayeniletea gari gonjwa kwenye mtihani," alizoea kusema, "atapeleka akili gonjwa barabarani."

Nikapokea simu kwa mikono miwili.

"Kijana," akasema. Nina mtoto, nina ndevu, nina kitambi kinachoanza, lakini kwake bado ni kijana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kesho alasiri uje na hilo gari lako. Nitaweka kikombe changu kwenye boneti, nami nitakaa ninywe chai yangu. Nikimaliza chai, maji hayajamwagika na gari halijazima, mkeo na mwanao watapanda mwende zenu."

"Na likizima, Mama?"

"Likizima, funguo utamwachia shemeji yako, yeye ana subira. Na mkeo atakaa hapa hapa mpaka ununue baiskeli."

Akakata simu.

Mteja wangu akaniuliza, "Vipi, msiba?"

"Bado," nikamwambia. "Geuza kichwa."

Jumamosi asubuhi niliwahi gereji kwa Fundi Kimya. Anaitwa hivyo kwa sababu gari likiwashwa tu yeye anainua mkono juu, na hapo hakuna kuongea, hakuna kukohoa, hata simu yako ikiita anakutazama vibaya. Anasikiliza. Gereji yake iko nyuma ya duka la magodoro, bati juu, oili chini, na katikati ni yeye na kiti chake cha matairi mawili makuukuu yaliyopandana.

Nilimkuta anakula mkate mkavu kwa soda.

"Fundi, nimekwisha."

"Ile valvu ulifunga mwenyewe?"

"Nilifunga mwenyewe."

"Basi umekwisha kweli," akasema, akafuta mikono kwenye suruali. "Washa."

Nikawasha. Gari likaanza mambo yake. Vuum, vum, vuuum, vum. Mshale wa injini unapanda, unaanguka, unapanda, unaanguka. Fundi akainua mkono. Akainamisha sikio kwenye injini mpaka nikaogopa feni itamnyoa, nami ndiye kinyozi.

Akainuka, akaenda dukani, akarudi na dawa ya mbu, zile za kuchoma zilizoviringwa. Akaiwasha.

"Fundi, mbu mchana huu?"

Mkono juu. Nikafunga mdomo.

Akaanza kuipitisha ile dawa polepole juu ya mabomba ya injini. Moshi unapanda juu, wima, bila wasiwasi. Hapa, unapanda. Pale, unapanda. Alipofika kwenye bomba la hewa, karibu na chujio, moshi ukapinda ghafla, ukalala, ukavutwa ndani kwa vipande vipande. Injini ikishuka unavutwa kidogo, ikipanda unavutwa kwa nguvu.

"Zima," akasema. "Hapa uliweka nini?"

Nikatazama bati.

"Hapo palikuwa na mpira wa valvu ya zamani," nikasema. "Ule wa kurudishia hewa. Hii mpya inatoa hewa nje, sasa mpira ukawa hauna kazi. Nikautoa, nikaziba tundu."

"Ukaziba na nini?"

"Na mpira."

"Mpira gani?"

"Mpira tu, Fundi, wa kawaida. Mbona maswali mengi?"

Akaingiza vidole viwili, akavuta. Kikatoka kwa mlio mdogo, pop. Akakiinua kwenye mwanga akakigeuza huku na huku.

Chuchu ya chupa ya mtoto.

Fundi Kimya, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, alicheka mpaka akakosa pumzi. Akakaa chini kwenye matairi yake, akasimama, akakaa tena. Muuza magodoro akatoka mbio kuangalia kuna nini.

"Ina tundu!" Fundi akawa anapiga paja. "Ndugu yangu, chuchu ya maziwa ina tundu! Injini yako inanyonya!"

"Iliingia vizuri," nikajitetea. "Kipimo chake kabisa, hata gundi sikutumia."

"Inanyonya! Inavuta, inashiba, inaachia, inavuta tena! Ndiyo maana silensa inapanda na kushuka!"

Sasa hapa nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, nawaambia ninyi kwa sababu hamtanipiga. Mke wangu aliitafuta hiyo chuchu nyumba nzima. Mtoto analia, maziwa yako tayari kwenye chupa, chuchu haionekani. Nami nilimsaidia kuitafuta. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya kitanda. Nilisogeza kabati. Nilisema, na maneno haya nayakumbuka, "Wewe nawe, vitu vyako huviweki mahali pamoja."

Endeleeni kusoma, msinitazame hivyo.

Fundi akatafuta kifuniko cha mpira kisicho na tundu, akakibana kwa klipu. "Washa."

Nikawasha. Mngurumo ukatoka mmoja, umenyooka, mshale umetulia tuli. Nilishuka nikamkumbatia Fundi na oili zake zote. Nilimbusu kwenye paji la uso. Nilianza hata kumuaga.

"Tulia, bwana," akasema. "Kanyaga, halafu achia."

Nikakanyaga. Vuuuu! Nikaachia. Pshiii! Moyo wangu ukaruka kwa raha.

Puu. Likazima.

Nikawasha tena. Vuuuu, pshiii, puu.

"Fundi, si umesema limepona?"

"Ugonjwa wa kwanza umepona. Huu ni wa pili." Akaniweka kwenye matairi yake, yeye akasimama. "Nisikilize. Pale kwenye mlango wa hewa kuna sensa, inahesabu hewa inayoingia. Kompyuta ya gari ikishaambiwa hesabu, inaleta petroli ya hewa hiyo. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Wewe ukiachia eksileta, valvu yako inaimwaga hewa nje. Sasa ni kama umehesabu wageni mlangoni, jikoni wamepika cha kuwatosha wote, halafu wewe umewafukuza. Chakula kile kitaliwa na nani? Injini inalemewa na petroli, inazima."

"Basi hesabu ipunguzwe."

"Basi wageni warudishwe ndani. Tunafunga ule mpira tena. Valvu ikifunguka, hewa inarudi kwenye bomba, inazunguka humo humo. Na hiyo springi ya valvu umeiacha legelege, inafunguka hata gari likiwa limesimama. Nitaikaza kidogo."

Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza na niliogopa kuliuliza.

"Na pshii?"

"Itaondoka."

"Yote?"

"Utabaki na kapumzi kadogo. Utakasikia ukifungua boneti na kuweka sikio."

"Hamna namna ya nusu nje, nusu ndani?"

"Kwa valvu hii hamna."

"Hata Jumapili tu?"

Fundi Kimya akaweka spana chini. "Wewe unataka mke au unataka pshii?"

Wasomaji wangu, naomba mnisamehe. Sikujibu papo hapo.

"Eti unafikiria!" Fundi akamaka. "Bwana huyu anafikiria!"

"Sifikirii! Nilikuwa napumua tu. Nataka mke! Funga mpira, funga haraka kabla sijapumua tena."

Lakini nilimwomba moja ya mwisho. Akanikubalia, maana naye ni binadamu. Nikakanyaga mpaka bati likatetemeka, nikaachia. Pshiiiiii! Muuza magodoro akatoka tena kunitukana, nikamwambia usijali kaka, hutaisikia tena. Chozi lilinitoka, sitawaficha.

Fundi akafunga mpira pande zote mbili, akakaza klipu, akazungusha skrubu ya valvu kwa bisibisi huku sikio likiwa chini. Nikawasha. Nikakanyaga, nikaachia. Vuuuu, fff. Kapumzi tu, kama bibi anayezima mshumaa. Mshale ukashuka, ukafika mahali pake, ukakaa. Silensa imetulia kama maji mtungini.

Niliendesha mjini mchana huo kama mtu mwenye akili. Kwenye taa, halikuzima. Kwenye tuta, halikuzima. Kweli, hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama, na hilo liliniuma. Lakini nilikuwa nakwenda kumchukua mke wangu, nikaanza kuimba.

Nyumba ya mama mkwe ina geti la kijani na baraza yenye viti vya plastiki vilivyopangwa kwa mstari, utadhani watu wanasubiri kuitwa. Geti lilifunguliwa na kaka wa mke wangu, tunayemwita Mrefu kwa sababu hupita milangoni kwa kuinama. Macho yake mekundu, kope zimevimba.

"Karibu, shem," akasema, akapiga mwayo mpaka nikaona koromeo.

Mama mkwe naye alikuwa amekaa barazani, sweta kaivaa ndani nje. Nikajua wamenuna. Nikajua wamekaa vikao juu yangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usizime. Fungua mlango wako, kaa mbali na gari."

Akaja na kikombe cheupe cha bati, kimejaa mpaka juu. Akakiweka katikati ya boneti polepole, akarudi kwenye kiti, akachukua chai yake. Mtihani ukaanza.

Ole wangu! Yule mama anakunywa chai kidogo kidogo. Anapuliza, anaonja, anaweka chini. Anaangalia mawingu. Mimi jasho linatoka kwenye visigino. Gari linanguruma. Maji kwenye kikombe yamejaa, yanang'aa, hayatikisiki.

Halafu akasinzia! Kikombe mkononi, kidevu kifuani, anakoroma. Nikamtazama shemeji, nikaonyesha kwa kidole, nimwamshe? Shemeji naye amelala amesimama, kichwa kwenye nguzo. Gari linaendelea. Nzi akatua kwenye ukingo wa kikombe, nikamwomba kimoyomoyo aondoke bila kuruka kwa nguvu.

Mama mkwe akashtuka, akanywa funda la mwisho, akainuka.

"Kanyaga, uachie."

Nikaingiza mguu, nikakanyaga, nikaachia. Vuuuu, fff. Mshale ukashuka, ukakaa mahali pake. Maji yakacheza kidogo, yakatulia. Hata tone!

Akakichukua kile kikombe akakinywa chote. Waliowahi kufaulu kwake wanajua maana yake.

"Umefaulu," akasema. Halafu akasema neno ambalo hajawahi kuniita: "Mwanangu."

Nilipiga kelele! Nilirukaruka kwenye ile baraza nikaangusha viti viwili. Shemeji akaamka akidhani ni wezi.

Mke wangu akatoka. Kafunga kilemba kile cha njano, mtoto begani. Mtoto tunamwita Bosi, kwa sababu hakuna kati yetu anayemwamuru. Nilikuwa nimewakumbuka mpaka nilikuwa nanusa mto wa mtoto kabla ya kulala, na nilitaka kusema hivyo, lakini nilichosema ni: "Umenenepa."

"Wewe umekonda," akasema, na macho yake yakacheka. Halafu akaligeukia gari, akakunja uso. "Mbona halilii?"

"Nimeliponya! Halipigi tena ile pshii. Nimeitoa yote, kwa ajili yako."

Mke wangu akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama Mrefu. Mrefu akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono.

"Nimesema nini?" nikauliza.

Bosi akafungua kinywa akalia. Kilio chenyewe si cha njaa, ni cha hasira. Papo hapo Mrefu, bila hata kutoa mikono usoni, akapiga kwa mdomo: "Pshiii!"

Bosi akanyamaza. Akamtazama mjomba wake. Akapima. Kisha akalia mara mbili ya mwanzo.

"Hataki ya mdomo," mama mkwe akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa. "Tumejaribu. Nimempigia na pampu ya baiskeli. Mimi, kwa umri huu, nimepiga magoti na pampu ya baiskeli!"

"Mama, sielewi."

"Mwanao halali," mke wangu akasema. "Tangu tufike hapa halali. Wewe ulikuwa ukirudi jioni unapiga pshii yako getini, yeye ndipo analala. Amezoea. Sisi humu ndani hatujui tena mchana wala usiku."

"Sasa kwa nini hukunipigia simu?"

"Nikuambie ushinde?"

Nikamgeukia mama mkwe. "Na wewe, Mama, na kikombe chako?"

"Nilisema lisizime," akasema. "Nani alikuambia liwe bubu?"

Kilio cha Bosi kikapanda, jirani akafunga dirisha kwa kishindo. Nikaangalia wale watu watatu wenye macho mekundu, nikamwangalia mwanangu, nikasikia furaha inanipanda kutoka tumboni. Mwanangu! Damu yangu! Nikafungua boneti.

"Shem, leta bisibisi."

Nikalegeza klipu mbili, nikachomoa mpira, ukabaki mkononi mwangu. Tundu la bomba nikamwambia Mrefu aliwekee kiganja. Nikanyoosha mkono nikavuta waya wa eksileta, nikaachia.

Pshiii!

Bosi akanyamaza, mdomo wazi. Nikavuta tena. Pshiii! Kope zikashuka. Ya tatu, akatabasamu, akaangusha kichwa kwenye bega la mama yake, amelala.

Mke wangu alikuwa analia na kucheka bila sauti. Mrefu akanyanyua kiganja chake, akajilaza pale pale kwenye ngazi. Nikashusha boneti taratibu. Gari likaanza kupanda na kushuka, lakini nani alijali?

Kumbe mama mkwe amekwisha kukaa kwenye kiti cha dereva.

"Panda nyuma na mtoto," akamnong'oneza binti yake. "Nazunguka mtaa mara moja, azame vizuri."

"Mama," nikanong'ona mimi, "ngoja. Mpira nimeuchomoa. Halina silensa sasa. Ukiachia eksileta tu..."

"Unanifundisha gari? Mimi?"

"Hapana, Mama, ila..."

"Nyamaza, ataamka."

Akafunga mlango taratibu. Akakanyaga. Wakatoka getini, akabadilisha gia, pshiii! Na kupitia dirishani nikaona kitu ambacho miaka yote sijakiona: mama mkwe wangu anacheka. Mke wangu akanipungia mkono. Kona ya kwanza, pshiii! Kona ya pili, mbali kidogo, pshiii! Nilisimama pale getini na mpira wangu mkononi, mwanaume mwenye bahati kuliko wote.

Kisha kimya.

Nikangoja. Kimya kikaendelea. Simu ikaita, mke wangu, ananong'ona.

"Limezima."

"Wapi?"

"Katikati ya njia panda. Kwenye tangi la maji."

"Mtoto?"

"Amelala."

"Mama?"

"Anacheka, hawezi hata kuongea. Sijawahi kumwona hivi."

"Basi tulieni, nakuja na mpira."

"Nisikilize kwanza. Kuna trafiki ng'ambo, anamalizana na lori. Ametuona. Akitoka pale anakuja kwetu."

"Aje! Mama kawatahini nusu ya matrafiki wa mji huu. Atapigiwa saluti."

Nikasikia ananong'onezana na mama yake.

"Halo?"

"Mama hana leseni," akasema.

"Kaisahau? Iko wapi, niilete? Chumbani?"

"Hujanielewa. Hana. Hajawahi kuwa nayo."

Nikashika geti. Mwanamke aliyenifelisha mara mbili! Mara ya pili kwa kusahau kuangalia kioo cha kushoto!

"Hajawahi? Kwa nini?"

"Nimemuuliza. Anasema, nani angemtahini yeye?"

Nikamsikia mama mkwe nyuma yake, bado anahema kwa kicheko. "Mwambie kijana akimbie! Akiwahi hiki kiti kabla ya trafiki, mke na mtoto anaondoka nao leo hii."

"Na asipowahi, Mama?" mke wangu akauliza.

"Asipowahi, mimi simjui, na gari ni lake."

Nilikuwa nimekwisha kuvua viatu.

"Unakimbia?" mke wangu akauliza, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Tafadhali, kimbia. Nataka kurudi nyumbani."

"Nakimbia!"

"Kimbia zaidi," akasema. "Lori limeondoka."